Sentensi Tano za Mzee Mutua

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, tukala keki, kisha mmoja wenu akasema ninaondoka na mambo mengi kichwani ambayo hayamo katika vitabu vya chuo. Nikaahidi kuandika. Sasa nimekaa nyumbani miezi kadhaa, maharagwe yamepaliliwa na saa inafanya kazi vizuri, kwa hivyo sina kisingizio. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye faili, na faili mnajua zilipo. Nitaandika juu ya vipande vya karatasi, kwa sababu nasikia mmeletewa tableti, na lile sanduku la vipande limesukumwa chini ya sinki.

Nilipofika hospitali ya Machakos nikitoka chuoni, idara yetu ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, mahali palipokuwa stoo ya mashuka. Mlangoni paliandikwa OT, yaani tiba kwa shughuli, kwa rangi nyekundu. Kazi yetu ilikuwa, na bado ni, kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake: kufunga vifungo, kushika kijiko, kuandika jina lake, kusema anachotaka. Lakini kwa kuwa tuliwapa wagonjwa vikapu wasuke ili vidole vipate nguvu, hospitali nzima iliamini kwamba sisi ni watu wa vikapu. Wagonjwa waliniita daktari. Madaktari waliniita yule wa vikapu. Nilizoea yote mawili.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Salim, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba wazee wa vijijini walidhani anawasomea habari, na Kikamba alikijua pia, kile cha sokoni. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha chumba wala hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa mkasi na kalenda ya mwaka uliopita, akaniambia nikate vipande virefu, upana wa vidole viwili. Nilikata mpaka saa ya chai. Nilikuwa na diploma mpya na nilijiona nimeonewa.

Chai ilipokuja ndipo akaniambia vile vipande ni vya nini. Watu wengi wanaopigwa na kiharusi hushindwa kusema, na sisi hudhani maneno yamepotea. Mara nyingine ni kweli. Lakini wako wengine ambao maneno wanayo, ila hawawezi kuyaleta kwa utaratibu. Mtu atakuambia alivyofika kabla hajakuambia alitoka wapi. Atajibu swali la jana.

"Maneno yamo ndani," Bwana Salim aliniambia. "Foleni ndiyo imevunjika. Sisi tunasaidia watu wajipange tena."

Tulikuwa na sanduku la picha zilizoletwa na wafadhili. Kwenye picha ya kwanza mzungu amesimama na kipande cha mkate, ya pili anakitia ndani ya mashine, ya tatu mkate unaruka nje, ya nne anaupaka jemu. Mgonjwa alitakiwa azipange. Wagonjwa wetu waliitazama ile mashine kwa heshima. Mmoja alisema ni redio. Bwana Salim aliziweka picha hizo juu ya kabati na kuandika sentensi zake mwenyewe, moja kwa kila kipande: mahindi yanatwangwa, maganda yanapepetwa, yanachemshwa na maharagwe. Muthokoi kila mtu hapa anaujua. Kipande kiliandikwa kwa herufi kubwa, kwa kalamu nene, na kwa lugha ambayo mgonjwa anaotea ndoto. Hilo la lugha alilisisitiza sana. Kwa wengi wetu maana yake ni Kikamba, ingawa hapa nawaandikia kwa Kiswahili.

Wiki ile ile aliwakalisha pamoja wanawake wawili, mmoja wa Matuu na mwingine wa Mlolongo, wote wamepigwa upande wa kulia. Aliwapa vipande vya kupika chai. Yule wa Matuu akaweka majani kabla ya maziwa. Yule wa Mlolongo akayahamisha. Wa Matuu akayarudisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesema sentensi nzima tangu alazwe, lakini sasa walianza kugombana, na ugomvi ulikuwa na sentensi nzima, tena zenye "kwa sababu" na "hata kama". Niliinuka niwaamue. Bwana Salim akanishika mkono wa koti.

"Wewe kunywa chai yako," akasema.

Kwa hivyo mambo yangu ya kwanza niliyajifunza nikiwa nimekaa kitako. Kwamba ukimwona mgonjwa anakosea usimkimbilie. Kwamba sentensi inayofaa kuanza ni ile inayoweza kusimama peke yake, na sentensi yenye "naye" au "huko" au "kwa hivyo" ina mwenzake aliyetangulia, umtafute. Kwamba ukimpa mtu vipande vingi siku ya kwanza atalia, na vipande vitatu vinatosha. Kwamba karatasi ya kalenda hujikunja, manila ni bora, na dirisha la chumba chetu likifunguliwa mchana upepo hupanga kila kitu upya. Tulikuwa na kokoto za kuwekea juu. Tafadhali msizitupe.

Bwana Salim alistaafu akaniachia mkasi, nami nikabaki na chumba. Wagonjwa nilioshughulika nao ni wengi na siwezi kuwaeleza wote. Mmoja nisiyemsahau ni dereva wa lori wa Mlolongo, ambaye nilimpa hadithi ya kupika ugali akashindwa, nikampa ya kwenda kanisani akashindwa. Mke wake akaniambia mtu huyu hajapika maishani na kanisani huenda Krismasi. Nikaandika safari: amepakia Mombasa, amekula Mtito, ameongeza mafuta Emali, amepimwa uzito pale mizani ya Mlolongo. Aliipanga bila kunitazama, halafu akaongeza kwa mdomo kwamba Emali mafuta ni mabaya. Tangu siku hiyo nilikuwa nauliza kazi ya mtu kabla ya kukata karatasi.

Lakini aliyenifunza zaidi alikuwa Mzee Mutua, na ni yeye hasa ninayetaka mumjue.

Mutua alikuwa mkulima wa upande wa Matuu, ila sifa yake haikuwa shamba. Alikuwa msemaji. Ninyi wa mjini huenda hamjui, lakini familia zikikutana kwa mambo ya ndoa hawasimami tu watu wowote kuongea. Yuko mtu anayeitwa, mwenye maneno yaliyopangika, asiyekasirika, anayejua nini kitangulie. Upande ule, kama kulikuwa na ntheo, aliitwa Mutua. Ntheo ni siku ambayo upande wa mwanaume unaleta mbuzi nyumbani kwa msichana. Mbuzi wakishachinjwa na nyama kuliwa na pande zote mbili, msichana amekuwa mke wa watu, hata kama harusi ya kanisani bado. Mutua alikuwa amesimama kwenye ntheo za watoto wa majirani, za wapwa, za watu wasiomhusu. Halafu siku moja akaanguka sokoni akijadiliana bei ya mahindi, na alipoamka hospitalini alikuwa amebaki na neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa "aiee", yaani hapana kwa Kikamba.

Mke wake, Kamene, alimleta kliniki akiwa amechoka. Mimi nilimwita Mama Ndinda, kwa jina la kifungua mimba wao. Alisema akimuuliza mzee kama amekula anajibu aiee, akimuuliza kama ana njaa anajibu aiee, na akimuuliza sasa tufanye nini, hilo pia aiee. Nilimweleza kwamba neno hilo si jibu. Ni mlango mmoja uliobaki wazi, na kila kitu kinapitia hapo. Nikamwonyesha atazame kichwa na nyusi, asisikilize neno. Alirudi mara iliyofuata akasema sasa wanaelewana kuliko walipokuwa wanaongea. Sikujua kama anatania. Kamene hakucheka.

Maneno yalirudi polepole, na yaliporudi yalikuja kwa fujo. Asubuhi moja nilimuuliza safari ilikuwaje. "Tukafika," akasema. Akakaa kimya. "Nikavaa viatu." Akakaa tena. "Gari iliharibika." Niliandika sentensi zake tatu kwenye vipande, nikaziweka mbele yake kama alivyozisema. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akavivuta viatu akaviweka mwanzo, gari katikati, kufika mwisho. Akavisoma vyote kwa kidole. Halafu akacheka, na Kamene akageuka dirishani kwa sababu hakuwa amesikia kicheko hicho tangu sokoni.

Tulikuwa tunaendelea hivyo, vizuri, wakati habari ya Mwende ilipokuja. Mwende alikuwa kitinda mimba wao, akifanya kazi kwenye duka la dawa Mlolongo. Kijana wa Kangundo alikuwa amemposa na familia zilikuwa zimekubaliana siku ya ntheo. Swali lilikuwa nani atasema kwa upande wa msichana.

Ndugu yake Mutua, Kimeu, alikuja na mgonjwa kliniki wiki hiyo. Alikuwa mtu wa adabu, amevaa suti, na alikaa mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia kwamba kusema atasema yeye, na alitaka nimsaidie kumweleza kaka yake.

"Daktari, wewe sema ukweli," alisema. "Akisimama mbele ya wageni halafu aseme aiee, hao watu si watarudi na mbuzi wao?"

Hakuwa mtu mbaya. Alichosema kilikuwa kweli, maana Mutua akichoka au akishtuka, bado lile neno la zamani liliruka nje mbele ya mengine. Nami nilikuwa tayari kukubaliana na Kimeu. Lakini tulikuwa tumesahau kwamba tunayemzungumzia amekaa hapo. Mutua alipiga meza kwa kiganja, kokoto zikaruka.

"Mimi," akasema. Tulingoja. Mdomo wake ulifanya kazi sana. "Mtoto wangu."

Kimeu alitazama chini. Kisha akasema basi, atakaa karibu naye, na kama maneno yatakataa Mutua amguse goti, naye atachukua. Tukapatana hivyo.

Hotuba za Mutua za zamani zilikuwa ndefu, nasikia watu walibeba viti vya kukunja. Hii tuliifanya fupi. Yeye alitoa maneno, mimi niliandika, na tulipomaliza tulikuwa na vipande vitano. Karibuni nyumbani. Mimi ni Mutua, baba yake Mwende. Mmeomba, tumewasikia. Mwende, wewe umekubali? Mbuzi wachinjwe. Niliona ni kazi safi. Mtu anakaribisha, anajitambulisha, anasikia ombi, anamuuliza msichana, anatoa ruhusa. Kila sentensi inaivuta inayofuata.

Nilivichanganya nikampa avipange. Akaweka mwanzo kabisa: Mwende, wewe umekubali?

Nikamwonyesha kwamba wageni hawajakaribishwa bado. Alinitazama kwa subira. Nikavichanganya tena. Akaweka swali mwanzo tena. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na ile iliyofuata. Nilijaribu ujanja wote niliokuwa nao. Nilitumia kalamu za rangi. Nilimpa vipande vitatu tu halafu nikaongeza. Mwishowe nilichukua selotepu nikabandika "Karibuni nyumbani" juu ya meza, mahali pa kwanza, nikajiambia sasa tutaona. Mutua alibandua selotepu kwa ukucha, taratibu, bila kuichana karatasi, akaishusha "Karibuni" yangu chini na kuweka swali lake juu. Kwenye faili niliandika: mpangilio bado.

Siku moja alipopelekwa chumba cha mazoezi ya miguu, nilibaki na Kamene. Nilimuuliza kama katika hotuba zake za zamani Mutua alikuwa na desturi ya kuanza na msichana. Alisema hapana, hakuna mtu anayeanza hivyo. Akakunja leso yake mara kadhaa. Kisha akaniambia habari ya Ndinda.

Ndinda, binti yao wa kwanza, naye alikuwa na ntheo yake miaka mingi nyuma. Siku hiyo Mutua alisema vizuri kuliko siku zote, watu walimsifu mpaka walipoagana. Alikaribisha, akasifu ukoo wa wageni, akawafanya wacheke. Ilipofika pale pa kumuuliza msichana, alisema mwenyewe kwamba mtoto wetu amekubali, hapana haja ya kumwaibisha mbele za watu, na mbuzi wakachinjwa. Ndinda alikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa na jibu, na halikuwa ndiyo. Aliolewa. Aliishi huko vile alivyoishi, Kamene hakutaka kueleza, kisha akarudi na watoto na kujenga nyumba yake ndogo pembeni mwa boma. Tangu arudi anampikia baba yake, anamfulia, na tangu augue anamvisha viatu. Lakini haongei naye isipokuwa habari za chakula.

"Hawajagombana," Kamene alisema. "Ni vile tu hawaongei."

Niliuliza kama Mutua amewahi kulitaja jambo hilo. Alisema hapana, si kabla ya ugonjwa wala baada.

Alipoletwa tena chumbani, nilimpa Mutua vipande vya kwenda sokoni. Akavipanga sawasawa. Nikampa vya kupanda mahindi, vigumu zaidi, vyenye mvua mbili. Sawasawa. Nikampa vile vitano. Swali juu. Sasa nilikuwa na la kufikiria, na nawaandikia hili kwa sababu litawapata ninyi pia. Sisi tunafundishwa kutofautisha kosa la ugonjwa na kosa la kutojua. Hakuna aliyetufundisha kwamba mgonjwa anaweza kukupa mpangilio usio kosa hata kidogo, na wewe ukaushughulikia wiki nzima kama dalili. Nilifuta nilichoandika kwenye faili. Badala yake nikaandika: mpangilio ni wa mgonjwa mwenyewe. Simwambii mtu kwamba alikuwa akimfikiria Ndinda. Hakunieleza, wala sikumuuliza. Niliacha tu kukihamisha kipande chake.

Siku zilizobaki tulifanya kazi ya vidole. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tangu kiharusi. Nilimfundisha aushike kwa mkono wa kushoto na kuipa kila sentensi kidole chake, kuanzia dole gumba. Akipotea anarudi gumba na kuanza upya kimyakimya. Ni njia ya Bwana Salim na inafaa kwa sababu vidole mtu hawezi kuvisahau nyumbani.

Kamene alinialika. Sikuwa na desturi ya kwenda kwa wagonjwa, lakini hii nilikwenda. Hema lilikuwa limesimamishwa mbele ya nyumba, mbuzi wamefungwa karibu na tangi la maji, na mimi niliwekwa na wanawake upande wa jikoni. Hapo ndipo nilipomwona Ndinda kwa mara ya kwanza, mwanamke mrefu mwenye upawa mkononi, akiongoza sufuria kubwa na watu wote waliozizunguka. Tulisalimiana, akanishukuru kwa baba yake kwa maneno machache, akarudi motoni. Alimtuma mmoja wa wasaidizi apunguze kuni. Hakuwa na muda wa kusikiliza hotuba.

Msemaji wa wageni alikuwa mzee mwenye kofia ya ngozi, na alisema kwa raha, hana haraka. Alieleza walivyoona ua katika boma hili na kadhalika. Alipomaliza watu wakampigia makofi. Kimeu akamsaidia Mutua kusimama, kisha akakaa tena, akasogeza goti lake karibu.

Mutua alishika dole gumba.

"Mwende," akasema.

Msichana alikuwa ndani na wenzake, kama desturi ilivyo, mpaka aitwe baadaye. Hakutoka. Nilimwona Kimeu akinong'ona, na hata kutoka jikoni nilijua anasema wageni kwanza. Mutua hakumtazama.

"Mwende, wewe umekubali?"

Wanawake wa upande wa wageni walitazamana. Mzee wa kofia alikunja uso kama mtu aliyedhani amesikia vibaya. Mwende akatokea mlangoni, simu bado mkononi, kwa sababu aliposikia jina lake kabla ya wakati alidhani baba yake ameanguka. Alimkuta amesimama. Alitutazama sote, kisha akamtazama kijana wake pale chini ya hema, kisha baba.

"Nimekubali, Tata," akasema. Tata ni baba kwa Kikamba.

Nilitegemea sasa atahamia kidole cha pili. Hakuhama. Alibaki na gumba lake, na akasema kitu ambacho hatukukiandika popote.

"Kweli?"

"Kweli, Tata."

Sufuria nyuma yangu zilikuwa zimenyamaza. Niligeuka. Ndinda alikuwa amesimama na upawa juu, mchuzi unadondoka majivuni, na hakuwa anatazama mchuzi.

Mutua aliendelea. Alikaribisha, akajitambulisha, vyote viwili vikapita vizuri. Akasema wameomba na amewasikia. Akafika kidole cha mwisho, kile kidogo, akakishika.

"Mbuzi," akasema. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mbuzi." Halafu likatoka lile neno, wazi kabisa, lenye sauti kuliko yote aliyosema siku hiyo. "Aiee."

Mzee wa kofia aliivua kofia akaiweka magotini. Nilimwona Kimeu akiinama mbele, tayari. Lakini Mutua hakumgusa goti. Alitikisa kichwa kwa hasira, si kwa wageni, kwa neno lenyewe. Akarudi dole gumba. Midomo yake ilitembea bila sauti, kidole hadi kidole, na watu wote walingoja, hata watoto, hata wale vijana waliokuwa wameshika visu karibu na tangi. Alipofika kidole kidogo alivuta pumzi.

"Wachinjwe," akasema.

Vigelegele vikaanza upande wa wageni, wetu wakapokea. Kimeu alimkalisha kaka yake na kumpangusa uso kwa kitambaa chake cha suti. Mzee wa kofia alisimama tena, akasema ameenda ntheo nyingi lakini hajawahi kuona msichana akiulizwa mara mbili, na kwamba sasa upande wao wanalala usingizi. Watu wakacheka na siku ikaendelea kama siku nyingine.

Nyama ilipoiva Ndinda aliniletea sahani yeye mwenyewe, ingawa palikuwa na wasichana wa kugawa. Aliiweka mapajani mwangu na hakuondoka.

"Hilo swali," akasema, "ni wewe ulimfundisha?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi nilikuwa naliweka chini ya mengine, na yeye analirudisha juu kila siku, mpaka nikamwachia.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alikaa akiangalia hema. Ilinijia kwenye ncha ya ulimi kumweleza zaidi, maana kazi yangu ilinipa tabia ya kumalizia watu sentensi. Nilikula nyama badala yake. Ilikuwa na chumvi nyingi kidogo.

Kisha Ndinda akachukua beseni na birika la maji ya moto, akapita katikati ya wageni waliokuwa wakingoja kunawa, akaenda kwanza kwa baba yake. Mkono wa kushoto Mutua aliunyoosha mwenyewe. Ule wa kulia Ndinda aliuinua kutoka mapajani, akauweka ndani ya beseni, akauosha kidole kimoja kimoja. Nilimwona Mutua akimwambia kitu. Kilikuwa kifupi. Ndinda aliendelea kuosha, kisha akajibu, na jibu lake lilikuwa refu kuliko la baba yake. Alimkausha kwa leso yake. Mtu mmoja wa wageni aliita maji, na msichana mwingine akaja akalichukua birika.

Ndinda alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa.